Joseph Wright (mwanaisimu)

Joseph Wright (31 Oktoba 1855 - 27 Februari 1930) alikuwa mwanaisimu wa Uingereza na profesa wa isimu linganishi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Anajulikana hasa kama mhariri wa English Dialect Dictionary, kamusi kubwa ya lahaja za Kiingereza iliyotolewa katika mabuku 6 kati ya miaka 1898 na 1905. Mtu huyu aliyeandika kamusi hakujua kusoma wala kuandika mpaka alipofikia umri wa miaka 15.

Utoto na kazi za kiwandani

Wright alizaliwa katika eneo la Bradford, mkoa wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, katika familia maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 6 aliajiriwa kwenye machimbo ya mawe, akiongoza punda waliobeba vifaa vya wachimbaji kwenda kwa mhunzi kunolewa na kuvirudisha. Mwaka mmoja hivi baadaye aliingia katika kiwanda cha sufu cha Titus Salt huko Saltaire. Kazi yake ilikuwa kuondoa vibiringo vilivyojaa uzi kwenye mashine na kuweka vitupu mahali pake. Watoto wa kiwandani walifanya kazi nusu siku na nusu iliyobaki walikwenda shule ya kiwanda. Wright alijifunza hesabu kidogo huko, lakini kusoma hakukumwingia.

Baadaye alikuwa mchambuzi wa sufu katika kiwanda kingine. Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka, wafanyakazi wenzake walisomeana magazeti wakati wa mapumziko, naye aliona aibu kutegemea macho ya wengine. Akajifundisha kusoma kwa kutumia Biblia na vitabu vichache vilivyopatikana, kisha akajiunga na shule ya jioni na kuanza Kifaransa, Kijerumani na Kilatini. Muda si mrefu akafungua shule yake ya jioni nyumbani kwa mama yake, akiwatoza vijana wenzake peni 2 kwa wiki.

Elimu ya juu

Mwaka 1876, akiwa amejiwekea akiba ya pauni 40 hivi, alisafiri kwa meli hadi Antwerp, Ubelgiji, na kutoka hapo akatembea kwa miguu mpaka Heidelberg, Ujerumani, ili aokoe nauli. Fedha zilipokwisha alirudi nyumbani akafundisha shuleni kwa miaka kadhaa. Kisha alirejea Heidelberg, ambako mwaka 1885 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya irabu za Kigiriki. Ujerumani wakati huo ndiyo iliyoongoza katika taaluma ya historia ya lugha, na walimu wa huko walishikilia kwamba sauti hubadilika kwa kufuata kanuni. Fundisho hilo lilimfaa sana mtu aliyetoka Yorkshire. Kwao matamshi ya watu wa viwandani yalihesabiwa kuwa Kiingereza kibovu, lakini mbele ya kanuni hizo yalionekana kuwa na mpangilio na historia yake kama lugha nyingine yoyote.

Mwaka 1888 alikwenda Oxford, akianza kwa kuwafundisha wanafunzi wa kike, ambao wakati huo hawakuruhusiwa kupewa shahada. Mwaka 1891 alikuwa naibu profesa na mwaka 1901 profesa kamili, akimrithi Max Müller.

Sarufi ya Windhill

Mwaka 1892 alitoa sarufi ya lahaja ya Windhill, kijiji alichokulia. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kuichambua lahaja hai ya Kiingereza kwa njia ya kisayansi, na mwandishi wake hakuhitaji kumhoji mtu kwa sababu aliizungumza mwenyewe tangu utotoni.

Tofauti zinazohusika si ndogo. Kusini mwa Uingereza neno "cup" hutamkwa kwa sauti iliyo karibu na "a" ya Kiswahili, lakini kaskazini bado lina "u" kama ya "kuku". Kijito huitwa "brook" kusini, "beck" Yorkshire na "burn" Uskoti. Maneno mengi ya kaskazini yaliletwa na Waskandinavia waliovamia na kuhamia huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mfano ni "laik", yaani kucheza. Watoto wa Yorkshire walilitumia kwa michezo yao, na wazazi wao walilitumia kwa mtu aliyekosa kazi kiwandani siku hiyo. Msomaji anayejua kwamba "njoo" ya Unguja ni "ndoo" Mombasa ataelewa jambo hili bila shida.

Kamusi ya lahaja

Chama cha lahaja za Kiingereza kilianzishwa mwaka 1873 na Walter Skeat kwa lengo la kukusanya maneno kabla hayajapotea, kwani reli, shule za lazima na magazeti vilikuwa vikiwafanya vijana waache usemi wa wazee wao. Skeat alitafuta mhariri kwa muda mrefu kabla ya kumpata Wright. Karatasi alizokabidhiwa zinasemekana kuwa na uzito wa karibu tani moja, naye akaona hazitoshi. Mamia ya watu waliojitolea, wakiwemo wachungaji wa makanisa na walimu, walimletea maneno zaidi kutoka wilaya zao. Kamati ya Yorkshire iliyoundwa kumsaidia ndiyo iliyozaa chama cha lahaja cha Yorkshire mwaka 1897, ambacho kipo mpaka leo.

Fedha ndizo zilizokuwa tatizo kubwa. Wright aliamua kuitoa kamusi kwa gharama zake mwenyewe na kwa michango ya wanunuzi waliojiandikisha mapema. Kama ingekwama njiani, hasara ingekuwa yake. Haikukwama: buku la mwisho lilitoka mwaka 1905 pamoja na sarufi ya lahaja zote.

Sarufi hiyo ndiyo sehemu iliyokosolewa zaidi. Wright hakuweza kusikia kila lahaja kwa masikio yake, hivyo alitegemea barua za wasaidizi na kazi ya Alexander Ellis ya mwaka 1889. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliotembelea vijiji 313 baada ya mwaka 1950 walipata habari za uhakika zaidi kuhusu matamshi. Kwa upande wa maneno, hata hivyo, kamusi haijapata mpinzani. Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, kimeiweka kwenye intaneti.

Familia na miaka ya mwisho

Mwaka 1896 alimwoa Elizabeth Mary Lea, aliyekuwa mwanafunzi wake. Walifanya kazi ya kamusi pamoja na kuandika sarufi kadhaa kwa ushirikiano. Mwaka 1913 Elizabeth alitoa kitabu chake kuhusu usemi na desturi za vijijini. Watoto wao wawili walifariki wangali wadogo.

Kati ya wanafunzi wa Wright alikuwemo J. R. R. Tolkien, aliyevutiwa na lugha za kale tangu shuleni kwa kusoma kitabu cha Wright cha Kigothi. Wright alistaafu mwaka 1925. Nyumba aliyoijenga Oxford aliiita Thackley, jina la kitongoji alichozaliwa, na lafudhi yake ya Yorkshire hakuiacha mpaka alipofariki. Mwaka 1932 Elizabeth alitoa kitabu cha maisha yake.