Maria Montessori: Daktari aliyewafundisha watoto walioitwa hawafundishiki

Mtoto mwenye usonji anapofika chekechea, walimu wengi hujiuliza watamfundishaje pamoja na wenzake. Leo tunamwangazia Maria Montessori, aliyekutana na swali linalokaribiana na hilo zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia. Mwaka 1896 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, wakati madaktari wanawake nchini humo walikuwa wa kuhesabika. Kazi yake ilimfikisha kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, ambako watoto walifungiwa bila kitu cha kushika wala kuchezea. Usonji ulikuwa haujatambuliwa. Watoto wenye matatizo tofauti walitiwa kapu moja.

Yeye aliona wanahitaji elimu kuliko dawa. Alisoma kazi za madaktari wa Ufaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, akatengeneza vifaa vya kufundishia kwa kugusa, kuona na kusikia. Mwaka 1900 alianza kuongoza, pamoja na Giuseppe Montesano, taasisi ya kuwaandaa walimu wa watoto hao mjini Roma. Baadhi ya watoto walifaulu mitihani ile ile ya wenzao wa shule za kawaida.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Vifaa vilivyotokana na kazi ile sasa vikatumiwa na watoto wote. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, mtoto alichagua kazi na kuirudia apendavyo, na mwalimu alionyesha kwa vitendo, maneno machache.

Alifariki tarehe 6 Mei 1952 nchini Uholanzi.

Njia yake si tiba ya usonji, na si kila mtoto atatulia akiachiwa achague mwenyewe. Wapo wanaohitaji ratiba ya picha na mwalimu wa karibu zaidi. Hata hivyo, utaratibu usiobadilika ovyo, kelele kidogo na maelekezo mafupi humsaidia mtoto mwenye usonji, na havimpunguzii mwenzake chochote. Basi, kabla ya kumwambia mzazi amrudishe mtoto nyumbani, tulitazame kwanza darasa lenyewe.