Mekatilili wa Menza alikuwa mwanasiasa

Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Miongoni mwa wale ambao bado wanatudai haki yao ni Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewatia kiwewe watawala Waingereza katika pwani ya Kenya mnamo 1913 na 1914. Jina lake linajulikana sana katika shule zetu. Hata hivyo, ukimwuliza mwanafunzi Mekatilili alifanya nini, aghalabu atakusimulia kisa cha kuku na vifaranga wake, na kofi alilolambwa ofisa mzungu. Visa hivi ni vitamu, na masimulizi ya wazee yameviweka hai. Lakini vinatuonyesha hasira yake tu. Ninachokienzi mimi ni akili yake ya kisiasa.

Tuanze na jina. Alizaliwa katika karne ya 19 akaitwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, jina alilolipata kwa mwanawe. Kwa hiyo jina lililowatetemesha maofisa halikuwa jina la cheo. Mekatilili hakuwa malkia, wala Wagiriama hawakuwa na ufalme. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na katika mabaraza hayo ya wanaume yeye hakuwa na kiti. Uwezo wake wote ulitoka katika ulimi wake na katika imani ya watu waliomsikiliza.

Watu hao walikuwa na dukuduku la haki. Mwaka 1912 serikali ilimtuma Arthur Champion awe ofisa msimamizi wa Wagiriama. Watu walitakiwa kulipa kodi ya nyumba, vijana walitakiwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na waliolima kaskazini mwa Mto Sabaki, penye rutuba, walitakiwa kuhama. Ukiyatazama juu juu, utadhani kuwa haya ni madai matatu. Kwa hakika yalikuwa dai moja. Mkulima aliyevuna mahindi ya kutosha hana haja ya kuwa kibarua wa mtu. Ili apatikane kibarua, sharti kwanza ardhi yake itwaliwe. Mekatilili aliliona hilo, akawaeleza wenzake.

Sisi wanaisimu tumeliazima jina la mto huo kulitaja kundi la lugha linalojumuisha Kiswahili, lugha za Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Kila ninapoliandika neno Sabaki ubaoni, huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba kabla ya kuwa istilahi yetu, lilikuwa shamba la watu, na kwamba shamba hilo lilimwagiwa damu.

Je, aliwaunganishaje watu pasipo askari, fedha wala gazeti? Alitembea kijiji hadi kijiji akiicheza ngoma ya kifudu, ambayo kwa desturi huhusishwa na mazishi. Ngoma ilikusanya umati, na umati ulipotulia, alisema. Mnamo Julai 1913 mkutano mkubwa ulifanyika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Hapo viapo viliwekwa, cha wanawake na cha wanaume, kwamba asiwepo wa kulipa kodi, wa kutoa vibarua wala wa kuitumikia serikali.

Mtu asiidharau silaha hii. Kiapo ni neno ambalo likishatamkwa huwa tayari ni tendo. Serikali ilitawala kwa kuwatumia wazee iliowateua yenyewe, na wazee hao walipokiogopa kiapo kuliko walivyomwogopa Champion, amri zake zilikosa wa kuzitekeleza. Mekatilili alikuwa amegundua kuwa utawala wa kigeni husimama juu ya utii wa wenyeji, na kwamba utii ukiondolewa utawala huyumba hata kabla ya mshale kurushwa. Sifichi kwamba kiapo kina ukali wake. Aliyekuwa na maoni tofauti hakuachiwa nafasi kubwa. Kumsifu kiongozi si kuufumbia macho upande huo wa uongozi wake.

Mwezi wa Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwao. Mwaka uliofuata walitoroka, wakarudi pwani kupitia nchi wasizozijua, katikati ya watu ambao lugha zao hawakuzisema. Agosti 1914 Mekatilili alikamatwa tena. Mwezi huo huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na waliokuwa ng'ambo ya Sabaki wakafukuzwa. Wagiriama walishindwa vitani, na gharama yake ilikuwa nzito.

Lakini siasa haipimwi kwa vita peke yake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wagiriama waliruhusiwa kurudi kulima kaskazini mwa mto. Mekatilili naye alirejea mwaka 1919, na inaelezwa kuwa aliliongoza baraza la wanawake katika kaya ilhali Wanje aliliongoza la wanaume. Alifariki katika miaka ya 1920, na kaburi lake liko Bungale, eneo la Magarini. Msitu wa kaya iliyolipuliwa ni mojawapo ya misitu ya kaya za Wamijikenda ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia.

Linalonikera ni msamiati tuliourithi. Wakoloni walimtaja kuwa mchawi, na wapo miongoni mwetu wanaoendelea kumwita hivyo, au nabii, au bibi mwenye nguvu za ajabu. Mwanamume aliyefanya aliyoyafanya yeye huitwa kiongozi, mpangaji, mwanamikakati. Neno mchawi lina kazi yake: humwondolea msikilizaji haja ya kuuliza mwanamke huyu alitoa hoja gani. Ukiuamini uchawi wake, hutahitaji kulijibu swali lake kuhusu ardhi, kodi na kazi.

Walimu wenzangu, kisa cha kuku na tusimulie, kwani watoto hukipenda. Kisha tuwaulize: kwa nini serikali iliitaka ardhi ya Sabaki? Kwa nini viapo viliivunja nguvu serikali yenye bunduki? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo atakuwa amemwelewa Mekatilili, na atawatambua viongozi wa aina yake anapowaona, wawe wanawake au wanaume, wenye vyeo au wasio navyo.