Elijah Masinde: Msee wa Boli Aliyesumbua Mzungu, Kisha Akasumbua Kenyatta

Ukiskia Elijah Masinde unawaza tu yule nabii wa laana, sindio? Basi jua kwanza jamaa alikuwa mnoma wa boli. Huyu mtu wa Maeni, Kimilili, alichezea Kenya dhidi ya Uganda kwa Gossage Cup mwaka wa 1930.

Enzi hizo Bungoma yote ilikuwa chini ya DC wa Kakamega. Masinde alisali na Wakweka hadi wakamtoa juu ya kuoa bibi wa pili. Akarudi kwa Wele, Mungu wa mababu, na Mlima Elgon ukawa Sayuni yake. Hivyo ndivyo Dini ya Msambwa ilishika.

Alitaka wazungu warudi kwao, na kazi ya lazima akaikataa katakata. 1945 wakamfungia Mathari, eti ni mwendawazimu. Wazimu gani huo, buda? Alipotoka 1947 aliongoza umati hadi Chetambe, pale Waingereza waliua Wabukusu 1895, wakawakumbuka wafu wao. Februari 1948 makarao wakamiminia waumini risasi Malakisi, 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akatupwa Lamu.

Alirudi uhuru ukinukia. Ulidhani sasa wataelewana na serikali ya weusi? Wapi! 1968 Kenyatta akaipiga dini marufuku tena, na mzee akazoea jela upya. Aliaga 1987.

Siku ukitoka Kakamega kwenda Webuye, inua macho ukifika. Ile milima iliyo juu ya tao ndio Chetambe.