Kurt Gerron: Mchekeshaji wa Berlin aliyelazimishwa kuipamba gheto

Tarehe 28 Oktoba 1944, garimoshi la mwisho kutoka gheto ya Theresienstadt kuelekea Auschwitz liliondoka likiwa na watu zaidi ya 2,000. Miongoni mwao alikuwamo mtu mnene wa makamo ambaye, miaka kumi na mitano kabla ya hapo, hakuweza kupita mtaani Berlin bila kutambuliwa. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu amalize kuwapigia Wanazi picha za filamu ya propaganda.

Kurt Gerron alizaliwa Berlin tarehe 11 Mei 1897, katika familia ya mfanyabiashara wa Kiyahudi, na jina lake la ukoo lilikuwa Gerson. Vilipozuka Vita vya Kwanza vya Dunia alikwenda kuipigania Ujerumani, akajeruhiwa vibaya. Majeraha hayo yaliuvuruga mwili wake, na kijana aliyekuwa mwembamba akawa mnene kupita kiasi. Alisomea udaktari na kuhudumia wanajeshi, lakini vita vilipokwisha aliiacha tiba na kufuata jukwaa.

Berlin ya miaka ya 1920 ilikuwa mji wa kabareti, yaani kumbi ndogo za usiku ambako watu walikaa mezani na vinywaji vyao wakisikiliza nyimbo, mizaha na kejeli dhidi ya wanasiasa, majenerali na matajiri. Gerron alianza kung'ara katika ukumbi wa Wilde Bühne, ulioanzishwa na mwimbaji Trude Hesterberg. Unene aliouchukia akaugeuza kuwa mtaji: alikuwa na sauti nzito, uso uliobadilika upesi, na wepesi wa miguu ambao hakuna aliyeutarajia kwa mtu wa umbo lake.

Sifa yake ilitimia tarehe 31 Agosti 1928, katika ukumbi wa Schiffbauerdamm, ulipooneshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa muziki wa Bertolt Brecht na Kurt Weill, Die Dreigroschenoper. Gerron aliigiza mkuu wa polisi aitwaye Tiger Brown, na ndiye pia aliyeimba wimbo wa muuaji Mackie Messer. Wimbo huo baadaye ulizunguka dunia kwa sauti za waimbaji wengine, na wengi wanaoufahamu leo hawajui ni nani aliyeuimba kwanza. Mwaka 1930 alionekana katika filamu ya Der blaue Engel, ile iliyompa umaarufu Marlene Dietrich, akiigiza mfanya mazingaombwe anayeongoza kundi la wasanii. Mwaka uliofuata alianza yeye mwenyewe kuongoza filamu katika kampuni ya UFA, kubwa kuliko zote nchini.

Mambo yalibadilika mara moja. Tarehe 1 Aprili 1933, siku ambayo Wanazi walitangaza mgomo dhidi ya maduka ya Wayahudi, Gerron alikuwa studioni akiongoza filamu. Aliamriwa atoke mbele ya wenzake. Akaondoka Ujerumani pamoja na mkewe Olga, wakapita Paris na Vienna, na hatimaye wakatulia Amsterdam.

Uholanzi ilimpokea vizuri. Aliongoza filamu kwa Kiholanzi, na mojawapo, Merijntje Gijzens Jeugd ya mwaka 1936, ilipendwa sana. Wenzake kadhaa walikwisha kukimbilia Hollywood, lakini yeye alibaki Ulaya. Mei 1940 majeshi ya Hitler yakaivamia Uholanzi na njia zikafungwa. Mwaka huohuo watengenezaji wa filamu ya chuki ya Der ewige Jude walichukua vipande vya filamu zake za zamani, bila shaka pasipo ridhaa yake, na kuvionesha kama ushahidi wa uovu wa Wayahudi.

Kwa muda aliendelea kuigiza katika ukumbi wa Hollandsche Schouwburg, ambao Wanazi waliuamuru uwe wa wasanii na watazamaji wa Kiyahudi peke yao. Mwaka 1942 ukumbi huohuo uligeuzwa kituo cha kuwakusanyia watu kabla ya kusafirishwa. Wazazi wake waliuawa Sobibor mwaka 1943. Yeye na mkewe walifungwa katika kambi ya Westerbork, na Februari 1944 wakapelekwa Theresienstadt, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki.

Huko alianzisha kabareti aliyoiita Karussell, akisaidiwa na mpiga piano Martin Roman. Watu wenye njaa, ambao walijua kuwa zamu yao ya kusafirishwa ingefika wakati wowote, walisongamana darini na vyumbani kumsikiliza akiimba zile nyimbo za Berlin.

Wanazi walikuwa na mpango mwingine na gheto hiyo. Mei 1944 waliwapeleka Auschwitz wafungwa wapatao 7,500 ili msongamano usionekane, wakapaka rangi nyumba na kupanda maua, kisha tarehe 23 Juni wakawakaribisha wajumbe wa Msalaba Mwekundu na wa Denmark. Baada ya hila hiyo kufaulu, SS walitaka ibaki katika filamu. Wakamwamuru Gerron aiongoze.

Hapo ndipo hukumu juu yake hugawanyika hadi leo. Baadhi ya walionusurika walimkumbuka kwa uchungu, akihimiza watu waliodhoofika wacheke mbele ya kamera, akiifanya kazi ile kwa bidii ya mwongozaji wa zamani. Wengine walisema kuwa hakuna aliyeamriwa na SS aliyekuwa na nafasi ya kukataa, na kwamba kila siku ya kupiga picha ilikuwa siku moja zaidi ya kuishi. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuamini hivyo.

Picha zilipigwa kati ya Agosti na Septemba 1944: mechi ya kandanda, maktaba, watoto wakiimba opera ya Brundibár ya Hans Krása. Mwishoni mwa Septemba usafirishaji ukaanza upya, na katika mwezi mmoja watu wapatao 18,000 wakapelekwa Auschwitz, wengi wao wakiwa walewale walioonekana mbele ya kamera. Gerron na mkewe waliuawa tarehe 30 Oktoba, muda mfupi kabla ya vyumba vya gesi kusimamishwa.

Filamu ilikamilishwa na wengine mwaka 1945, wakati Ujerumani ikikaribia kushindwa, na haikuwahi kuoneshwa hadharani kama ilivyokusudiwa. Leo hujulikana zaidi kwa jina la kejeli linalodai kuwa Hitler aliwazawadia Wayahudi mji, ingawa hilo si jina lake halisi. Vimesalia vipande tu.