Bertha Benz, mama aliyetengeneza moteri kwa pini ya kofia

Kila fundi wa garaje anajua ile sauti: gari limesimama, moteri iko kwenye ralanti, lakini inatetemeka, inakohoa, inakatakata kama inataka kuzimika. Mtu wa kwanza kupambana na shida hiyo katika safari ndefu ya gari hakuwa fundi wa kulipwa wala mwanafunzi wa chuo. Alikuwa mama wa watoto wanne, akiwa mbali na nyumba yake, bila garaje wala kipande cha kubadilisha. Jina lake Bertha Benz.

Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tano 1849 katika muji wa Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwa jina la Bertha Ringer. Baba yake alikuwa seremala aliyetajirika kwa kazi ya ujenzi. Inasimuliwa kwamba siku ya kuzaliwa kwake baba aliandika katika Biblia ya familia masikitiko ya kupata tena mtoto wa kike, na kwamba Bertha aliyasoma maneno hayo akiwa bado mdogo. Wakati ule milango ya chuo kikuu ilikuwa imefungwa kwa wasichana. Hata hivyo, alipenda kujua namna mashine zinavyofanya kazi.

Alipochumbiwa na Carl Benz, injinia asiyekuwa na mali, wengi hawakuona faida ya ndoa hiyo. Mwaka wa 1871, Carl alifungua karakana ya chuma huko Mannheim pamoja na mwenzake, ila ushirika huo uliharibika haraka. Bertha aliomba apewe mapema pesa ambazo wazazi wake walimuwekea kwa ajili ya ndoa, na kwa pesa hizo fungu la yule mwenzake lilinunuliwa. Karakana ikaokoka. Walifunga ndoa mwezi wa saba 1872.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa na madeni. Usiku wa kuamkia mwaka wa 1880, moteri ambayo Carl alihangaika nayo kwa muda mrefu ilikuwa ingali inakataa. Baada ya chakula, Bertha alimusukuma bwana yake warudi karakana kujaribu mara moja tena. Usiku huo moteri iliwaka, na haikuzimika.

Tarehe 29 mwezi wa kwanza 1886 Carl aliomba hati ya uvumbuzi namba 37435 kwa gari la magurudumu matatu linalotembea kwa moteri ya gesi. Jina la Bertha halimo katika hati ile, ijapokuwa mali yake ndiyo iliyoanza kazi. Na hata baada ya hati kupatikana, wanunuzi walikuwa wachache. Watu walicheka, wengine waliogopa. Carl mwenyewe alikuwa mtu wa kusitasita. Kila mara aliona kuna kitu bado cha kurekebisha. Kama gari lingebaki karakana, pesa zote za familia zingepotea.

Ndiyo sababu mwezi wa nane 1888, alfajiri, Bertha aliondoka bila kumuambia bwana yake. Pamoja na vijana wake Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, walilitoa gari nje na kushika njia ya Pforzheim, kwa wazazi wake, mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Kabla ya hapo magari yalijaribiwa kwa mwendo mufupi tu, fundi akiwa karibu.

Shida zilikuja moja moja. Kwanza mafuta. Gari lilitumia ligroini, aina ya esansi nyepesi iliyouzwa kwenye farmasi katika chupa kwa ajili ya kuondoa madoa ya nguo. Huko Wiesloch, Bertha alinunua ligroini kwa mwenye farmasi, na nyumba ile hadi leo inakumbukwa kama kituo cha kwanza cha esansi duniani. Maji ya kupoza moteri nayo yaligeuka mvuke haraka, kwa hiyo walisimama kila mara kuongeza, hata kwa kuchota mitoni.

Kisha moteri yenyewe ikagoma. Hapo ndipo akili ya Bertha inapostahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana njia aliyoipita ndiyo ambayo fundi mzuri anaipita hata leo. Moteri ya esansi inaomba vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika sawasawa na hewa, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayotoka kwa wakati wake. Kimoja kikikosa, moteri inakatakata au inazimika. Kwa hiyo hakuna sababu ya kufungua kila kitu. Inafaa kuuliza kwanza ni kipi kati ya hivyo vitatu kimekosa.

Mara moja kilichokosa kilikuwa mafuta: njia ya esansi ilikuwa imeziba. Bertha alichomoa pini ndefu ya kofia yake, akaizibua. Mara nyingine mafuta yalifika vizuri, lakini cheche haikuwa ya kutegemea. Waya wa umeme ulikuwa umechubuka, umeme ukavuja kwenye chuma badala ya kufika ndani ya silinda. Alivua utepe wa kufungia soksi yake, akauzungushia waya. Moteri ikarudi kwenye mapigo yake.

Ugonjwa huo haujabadilika sana. Anayenunua esansi ya chupa kando ya barabara anajua namna uchafu na maji vinavyoziba filtre na kufanya gari litetemeke. Waya wa buji uliopasuka bado unavujisha umeme, hasa wakati wa mvua. Usiku, moteri ikiwaka, cheche zake huonekana kwa macho. Na buji yenyewe inasema mengi ikifunguliwa: nyeusi yenye masizi inaonyesha mafuta mengi kupita hewa, nyeupe sana inaonyesha mafuta machache au joto kali, na yenye unyevu wa oili inaonyesha kwamba oili inaingia ndani ya silinda. Kununua buji mpya bila kusoma zile za zamani ni kutupa ushahidi.

Safari iliendelea. Muhunzi alisaidia kurekebisha mnyororo. Kwenye vilima vijana walishuka na kusukuma, kwa sababu gari halikuwa na vitesi vya kutosha. Kwenye miteremko freni za mbao zilikwisha, Bertha akamuomba fundi viatu apigilie ngozi juu yake. Jioni walifika Pforzheim, na telegramu ikatumwa kwa Carl. Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa gari lilelile.

Bertha alirudi na zaidi ya sifa. Alileta orodha ya makosa, na Carl aliongeza kitesi kidogo cha kupandia vilima. Mwezi wa tisa mwaka uleule, gari lilipata medali ya zahabu katika maonyesho ya Munich. Wanunuzi walianza kuja, na kufikia mwaka wa 1900 kampuni ya Benz ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza magari.

Mali haikumaliza taabu. Mwaka wa 1903 Carl aliacha uongozi wa kampuni kwa sababu ya kutoelewana, na familia ikahamia Ladenburg, ambako ilianza kampuni nyingine pamoja na vijana mwaka wa 1906. Carl alifariki mwaka wa 1929. Tarehe 3 mwezi wa tano 1944, siku alipofikisha miaka 95, Bertha alipewa heshima ya useneta na chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, yeye ambaye ujana wake haukumuruhusu kuingia chuo. Siku mbili baadaye alifariki, vita ikiwa bado inaendelea.

Tangu mwaka wa 2008, barabara aliyopita kati ya Mannheim na Pforzheim ina vibao vyenye jina lake. Hati ya mwaka wa 1886 haikumtaja, njia inamtaja.