Scoville: Mfamasia aliyeupa ukali wa pilipili kipimo

Mlaji wa nyama choma mjini Nakuru anayemimina sosi ya pilipili ya chupa, kisha akaonja sukari, siki na nyanya badala ya mwasho, anakabiliwa na swali ambalo mfamasia mmoja wa Marekani alilitafutia jibu zaidi ya karne moja iliyopita: pilipili hii ni kali kiasi gani hasa?

Wilbur Lincoln Scoville alizaliwa mwaka wa 1865 mjini Bridgeport, jimbo la Connecticut. Alifundisha ufamasia jijini Boston, na mwaka wa 1895 akachapisha The Art of Compounding, kitabu cha uchanganyaji wa dawa kilichotumiwa kwa miongo mingi. Baadaye alijiunga na kampuni ya dawa ya Parke-Davis jijini Detroit.

Huko pilipili haikuwa kiungo cha mchuzi bali dawa ya kuchua misuli. Tatizo ni kuwa nguvu yake haikuwa sawa kila mara. Ikipungua, dawa haifai. Ikizidi, inaunguza ngozi. Kwa kuwa hapakuwa na mbinu ya kutegemewa ya kuipima, mwaka wa 1912 Scoville aliugeukia ulimi. Aliloweka pilipili katika alkoholi, akaizimua kwa maji ya sukari na kuwapa waonjaji, hadi mwasho ukakaribia kutoweka. Kiasi cha kuzimua ndicho kikawa kipimo. Pilipili hoho hupata sifuri, jalapeño ya Mexico kati ya 2,500 na 8,000, nayo pilipili kichaa huweza kupita 50,000.

Scoville alitunukiwa Nishani ya Remington mwaka wa 1929, akafariki mwaka wa 1942. Siku hizi mashine ndizo hupima kapsaisini, kemikali inayowasha, lakini matokeo bado hutajwa kwa jina lake.

Ajabu ni kwamba ukali uliopimika ukawa pia rahisi kupunguzwa. Mapema miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilitoa aina ya jalapeño isiyo kali. Msindikaji akaweza kuanza na tunda pole, kisha kuongeza dondoo ya pilipili kwa kiasi alichotaka, ili chupa zote zifanane na mnunuzi asitishike.

Anayetaka mwasho halisi, kuanzia Nakuru hadi Naivasha, bado hununua pilipili mbichi sokoni na kuikatia kwenye kachumbari. Wa chupa huachiwa neno kali kwenye kibandiko, ilhali nambari ya Scoville ingemweleza ukweli kabla hajatoa pesa.