John Charnley: Mpasuaji aliyewapa wagonjwa nyonga mpya

MAUMIVU ya nyonga humnyima mtu usingizi, kisha yakamfunga nyumbani. Hadi miaka ya 1950, wengi walioyapata hawakuwa na tegemeo ila mkongojo na vidonge. Aliyeibadilisha hali hiyo ni Sir John Charnley, mpasuaji wa mifupa aliyezaliwa mwaka 1911 mjini Bury, Uingereza, babake akiwa mfamasia na mamake muuguzi.

Alifuzu udaktari Manchester mwaka 1935, akahudumu jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akaja kupiga kambi Wrightington, hospitali iliyokuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Kilichomzindua ni mgonjwa ambaye nyonga yake bandia ilikuwa ikilia kila akijongea, hata mkewe akawa akimkwepa mezani. Charnley alitambua kwamba mlio huo ni dalili ya msuguano. Akabuni kigololi kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki telezi, vyote vikishikizwa mfupani kwa saruji ya akriliki, aina iliyotumiwa na madaktari wa meno.

Plastiki ya kwanza, Teflon, ndiyo iliyomponza. Wagonjwa wapatao 300 walirejea kutembea kwa furaha, lakini baada ya miaka michache vikombe vilikwisha kulika na unga wake ukaharibu nyama na mfupa. Ikabidi wapasuliwe upya. Mwingine angeficha aibu hiyo. Yeye alijitia vipande vya Teflon pajani mwake ili aone madhara yake, na uvimbe ukatokea.

Mwaka 1962, mchuuzi wa gia za plastiki za mitambo ya kufumia nguo alileta polithini ngumu. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, akaipuuza. Fundi wake, Harry Craven, aliendelea kuijaribu kwenye mashine bosi wake akiwa safarini, na ikaonekana hailiki upesi. Novemba mwaka huo ikaanza kutumika. Leo wapasuaji hupitia mkato mdogo kuliko wake, lakini kikombe wanachokitia kwa kawaida bado ni cha polithini, iliyoimarishwa.

Charnley hakutaka kifaa chake kiuziwe mpasuaji ambaye hajajifunza Wrightington. Aliaga dunia Agosti 1982. Wagonjwa wake wengi walikuwa wameridhia nyonga zao zitolewe na kuchunguzwa baada ya kufa.